Begi lililozama, kamera iliyotoweka: kisa cha bima ya vifaa vya kuzamia Kigoma

Kisa hiki ni cha kweli. Majina, jina la kijiji, mwezi kamili na alama zote za kumtambulisha mtu nimeviondoa, na wahusika wameniruhusu kukiandika. Mimi ni wakala wa bima. Fomu ya maombi ya bima hii niliijaza mimi, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu.

Kikundi na vifaa vyake

Walikuwa vijana wanne wazamiaji. Kazi yao kuu ilikuwa kukamata samaki wa mapambo kwa kibali, wale sikilidi wadogo wenye rangi wanaosafirishwa nje wakiwa hai. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za sikilidi, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Pembeni ya kazi hiyo walikuwa wakiwachukua watafiti na wageni wachache, na mmoja wao alikuwa amejifunza kupiga picha chini ya maji mpaka picha zake zikaanza kununuliwa.

Vifaa vyao ni hivi: rigileta nne (kile kifaa cha kinywani kinachomletea mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi), jaketi nne za kuzamia, kompyuta tatu za mkononi zinazohesabu kina na muda, na kamera moja yenye kasha lisiloingiza maji na taa zake mbili. Mitungi, kompresa ya kuijaza hewa na mikanda ya uzito ya madini ya risasi havikuwekwa kwenye bima, kwa kuwa vingi vilikuwa vya kukodi.

Karibu vyote walivinunua vikiwa vimetumika, kutoka kwa wageni waliokuwa wakiondoka nchini. Ukitaka kuelewa kilichokuja kutokea baadaye, shika hilo kwanza.

Bima waliyokata

Walikuja ofisini wakitaka bima ya moto na wizi kwa stoo yao tu. Niliwauliza swali moja: vifaa hivi vinakaa stoo siku ngapi kwa wiki? Walitazamana, wakasema labda siku mbili. Nikawaambia stoo si mahali pa hatari yenu, hatari yenu iko kwenye boti. Tukaachana na bima ya moto na wizi, tukachukua bima ya vifaa vya kubebeka dhidi ya hatari zote, inayofuata kifaa kinakokwenda.

"Hatari zote" ni maneno yanayodanganya masikio. Mkataba ulikuwa na mipaka minne iliyohusu kisa hiki. Kifaa hakikuwa na bima kikiwa kinatumika chini ya maji. Kikiwa safarini majini, chombo kilitakiwa kiwe na cheti halali cha ukaguzi. Upotevu usioelezeka, yaani kitu kuonekana hakipo bila mtu kujua kimepoteaje, haukulipwa. Na hasara ilipaswa kuripotiwa kampuni ndani ya saa 48. Hayo yote niliwasomea kwa Kiswahili, polepole, na wakauliza maswali mazuri.

Tulikosea kwenye thamani. Nilipouliza vifaa vina thamani gani, waliniambia jumla ya walizolipa: shilingi milioni 15. Nikaandika milioni 15. Sikuwauliza swali la pili, ambalo ndilo lenye kazi: ukivikosa leo, kesho utavinunua tena kwa shilingi ngapi? Vifaa hivi havitengenezwi nchini, bei yake inafuata dola. Dola ya mwaka 2014 ilikuwa shilingi elfu moja mia sita na kitu. Ya mwaka 2024 ilivuka 2,500. Kifaa kilichonunuliwa zamani kwa bei ya kutupwa kutoka kwa mgeni anayewahi ndege hakiwezi kukupa bei ya kukirudisha.

Ada ilikuwa asilimia 3, shilingi 450,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikaifikisha 531,000. Walilipa kwa mara moja. Wakati wa kusaini, mmoja aliuliza kama bima yao ya ajali za uzamiaji, ile waliyoipata kupitia DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, haikuwa inavifidia vifaa tayari. Ni swali ninaloulizwa sana. Bima ya aina hiyo kazi yake ya kwanza ni mwili wa mzamiaji: matibabu, chemba ya mgandamizo (anamotibiwa mzamiaji aliyepanda juu haraka mno), kusafirishwa mgonjwa. Usiihesabu kuwa bima ya begi mpaka umeusoma mkataba wako mwenyewe.

Siku ya safari

Ilikuwa kiangazi, msimu ambao upepo wa kusini unalichafua ziwa kuanzia asubuhi. Kikundi kilikuwa kimekaa siku tatu kwenye kijiji kimoja kaskazini mwa mji. Boti yao wenyewe iligonga mwamba, propela ikapinda. Waliamua wawili wabaki kuitengeneza na wawili warudi Kigoma na vifaa vya thamani, kwa hoja kwamba kuviacha ufukweni usiku mwingine ni hatari zaidi. Uamuzi huo siulaumu. Kwa walichokijua asubuhi ile, ningeamua hivyo hivyo.

Walipanda boti ya mbao ya abiria na mizigo iliyokuwa ikienda Kibirizi, bandari ndogo ya boti pale Kigoma. Sakafuni mlikuwa na maji yanayofika kifundo cha mguu, kwa hiyo begi kubwa jeusi lilipandishwa juu ya magunia ya dagaa upande wa omo, yaani mbele, likaachwa bila kufungwa. Ndani yake kulikuwa na rigileta mbili, kompyuta mbili na jaketi moja la kuzamia. Kamera ilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya ubao wa kukalia upande wa tezi, yaani nyuma, karibu na nahodha.

Kabla ya kuondoka, yule mpiga picha alimwuliza nahodha kama boti ina cheti. Nahodha alitoa kwenye kopo la plastiki karatasi iliyopakwa nailoni, inanuka petroli, cheti cha ukaguzi kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, tarehe yake haijaisha. Kijana akaipiga picha kwa simu. Aliniambia baadaye kwamba alifanya hivyo kwa sababu tu alikumbuka nilivyokirudia mara tatu kile kipengele siku ya kusaini.

Karibu saa tano asubuhi wimbi lilipiga omo kwa ubavu. Magunia yaliteleza. Mawili ya dagaa na begi vikaingia ziwani. Nahodha aligeuza boti, lakini kuigeuza boti nzito kwenye mawimbi si kazi ya dakika moja. Magunia ya dagaa wakavu yalielea, mvuvi mmoja akayaokota. Begi lilikaa juu ya maji kama pumzi mbili, likainamisha upande mmoja, likatoa mapovu, likaondoka.

Baada ya ziwa kutulia kidogo, yule mpiga picha alitoa kamera mkobani, akapiga picha za abiria na magunia yaliyolowa, kisha akairudisha. Abiria kadhaa walimwona.

Walifika Kibirizi saa saba mchana. Anayekujua Kibirizi saa ya boti kuingia anajua hali ilivyo: wabeba mizigo wanaingia kabla boti haijafungwa, abiria wanashuka, magunia yanapita juu ya vichwa. Wale vijana wawili walikuwa mbele wakizungumza na nahodha na mwenye dagaa kuhusu begi. Waliporudi tezi, mkoba wa kamera haukuwepo.

Saa 48

Walinipigia jioni, siku ya Jumamosi. Niliwatuma polisi usiku ule ule wakachukue RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Kwa kuwa ofisi ya kampuni ingefunguliwa Jumatatu, na saa 48 zingeisha Jumatatu hiyo hiyo saa za mchana, Jumapili nilituma taarifa kwa barua pepe na kwa WhatsApp, nikahifadhi nakala zenye saa.

Jumapili hiyo, tukiwa tumekaa kuandika maelezo, mdogo wao aliniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, si tuseme tu kamera nayo ilikuwa ndani ya begi?"

Naliandika hili wazi kwa sababu ninajua maombi kama haya yanatolewa kwenye meza nyingi, na si kila mara anayeombwa hukataa. Kijana huyu si mwizi. Alikuwa amepoteza chombo cha kazi kilichomchukua miaka kukipata, na alikuwa na bima aliyoilipia kihalali. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa pande zote mbili. Dai moja la uongo linaweza kuangusha na lile la kweli, ukakosa begi na kamera pamoja. Pili, watu wa boti nzima wamemwona mwenzio akipiga picha baada ya begi kuzama. Alinyamaza, kisha akasema basi tuandike ilivyokuwa. Tukaandika hasara mbili, kila moja na karatasi yake: begi, "limeanguka majini saa tano kasoro, likazama"; kamera, "haikuonekana tulipofika, hatujui imechukuliwa au imeangukia wapi."

Ushahidi uliotubeba haukutoka kwetu. Ulitoka kwa mama mwenye dagaa. Tulimfuata Kibirizi Jumatatu asubuhi, akaomba kalamu, akaandika mwenyewe: "Magunia yangu mawili yalianguka pamoja na begi jeusi la hawa vijana. Magunia yaliokotwa, begi lilizama." Akatia sahihi na namba ya simu. Alikumbuka kila kitu kwa sababu alikuwa akiyahesabu magunia yake.

Jibu la kampuni

Mkadiria hasara alikuja baada ya wiki mbili. Swali lake la kwanza lilikuwa la haki: ninyi ni wazamiaji, kwa nini hamkuzamia kulitafuta? Mwenye bima ana wajibu wa kupunguza hasara, na kwenye maji ya mita kumi jibu lingekuwa gumu. Lakini Tanganyika huanguka ghafla. Kina chake kikubwa ni mita 1,470, na kwenye pwani zenye miamba hata karibu na ufuko unaweza usiione sakafu. Picha moja ya simu ya abiria ilikuwa imehifadhi mahali ilipopigwa, muda mfupi baada ya begi kuzama. Tukapaweka mahali hapo kwenye ramani ya vina, pakaonekana pana mita zaidi ya 200. Uzamiaji wa kawaida wa burudani hukomea mita 40. Mkadiria alikubali, akaendelea.

Cheti cha boti kilikubaliwa kupitia ile picha ya simu. Namba za rigileta na kompyuta tulikuwa nazo, kwa sababu fundi aliyezifanyia matengenezo aliziandika kwenye risiti zake.

Kamera ilikataliwa kwa sentensi moja: upotevu usioelezeka. Hatukukata rufaa. Ningekuwa upande wa kampuni, kwa maelezo yale yale, nami ningekataa.

Kuhusu begi, hesabu ilikwenda hivi. Kurudisha vitu vilivyokuwemo kungegharimu milioni 7: rigileta mbili milioni 3.2, kompyuta mbili milioni 2.4, jaketi moja milioni 1.4. Vifaa vyote vya kikundi kwa bei ya siku ile vilikuwa na thamani ya milioni 24, bima ilikuwa ya milioni 15. Hapo ikatumika kanuni ya uwiano: ukikatia bima sehemu tu ya mali yako, unalipwa sehemu hiyo hiyo ya kila hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiasi ulichokatia. Milioni 7 zikazidishwa kwa 15, zikagawanywa kwa 24, zikawa 4,375,000. Kisha kampuni ikatoa asilimia 30 kwa uchakavu, na asilimia 10 ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe. Ofa ya kwanza: shilingi 2,756,250.

Hapa tulibisha. Kampuni ilihesabu mali yote kwa bei ya vitu vipya ili kuonyesha kwamba bima ni pungufu, halafu ikahesabu hasara kwa bei ya vitu vichakavu ili kupunguza malipo. Mkataba ulisema malipo ni kwa bei ya kununua kipya. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, bila ukali: tumieni mizani moja kwa pande zote mbili. Tulitaja kipengele kwa namba yake, na tukaeleza kwamba tusipoelewana tutapeleka suala kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Haikufika huko. Baada ya siku tisa asilimia 30 iliondolewa, na kikundi kikalipwa shilingi 3,937,500.

Hasara yote, begi na kamera ya milioni 8.4, ilikuwa milioni 15.4. Walirudishiwa robo na kidogo.

Uchambuzi

Begi na kamera vilikuwa boti moja, siku moja, chini ya mkataba mmoja. Tofauti ni kwamba begi lilikuwa na tukio: saa, mahali, shahidi na sababu. Kamera haikuwa na tukio. Bima hulipa tukio. Watu wengi wanaokuja kwangu wanaamini kwamba wamekatia bima kitu, kumbe wamekatia kile kinachoweza kukipata kitu hicho, na wao ndio watakaotakiwa kuonyesha kwamba kimekipata. Kamera haikuhitaji mkataba mkubwa zaidi. Ilihitaji mtu mmoja wa kukaa nayo Kibirizi.

Swali langu la stoo na boti lilikuwa sahihi, na bila hilo kusingekuwa na malipo yoyote. Lakini swali la thamani sikuliuliza vizuri, na likawagharimu. Wangekatia milioni 24 kwa asilimia ile ile, ada pamoja na kodi ingekuwa 849,600, yaani 318,600 zaidi ya walizolipa. Begi lingelipwa milioni 6.3. Waliokoa laki tatu na ushee, wakapoteza 2,362,500. Nimeiweka hesabu hii ukutani ofisini, nyuma ya kiti changu, ili mteja aione na mimi niikumbuke.

Kumwuliza nahodha cheti lilikuwa jambo la nusu dakika. Boti ya dharura ndiyo unayopanda ukiwa na haraka, na ndiyo usiyoijua. Ingekuwa haina cheti, dai la begi lingekufa siku ile ile, hata kama cheti hakikuhusika kwa vyovyote na wimbi.

Kuna jambo la uzamiaji lenyewe ambalo mimi si mtaalamu wake, nilielezwa na vijana hao wakati tukipitia kisa. Jaketi la kuzamia lililojazwa hewa huinua kilo kumi na zaidi majini. Lilikuwa ndani ya begi lile lile, limekunjwa, halina hewa. Wangelijaza, wakalifunga vizuri kwenye mikono ya begi, kuna uwezekano mkubwa begi lingeelea kama magunia ya dagaa. Mkubwa wao aliponieleza hivyo alikaa muda mrefu akitazama mikono yake. Walikuwa na boya lao wenyewe wakalizamisha.

Niongeze kuhusu wageni, kwa kuwa watafiti wanaopita Kigoma huniuliza. Bima ya safari mara nyingi ina kikomo kwa kitu kimoja, na kikomo hicho huwa kidogo kuliko bei ya kamera ya chini ya maji. Boti nayo inaweza kuwa na bima, lakini uliza ni ya nini: ya chombo na abiria si ya begi lako.

Walipofika sasa

Mkataba mpya una orodha ya kitu kimoja kimoja, namba zake, picha yake na bei ya kukinunua leo, na kila Januari tunazipitia bei hizo na muuzaji wa Dar es Salaam. Kiasi cha bima si cha kubuni tena.

Kampuni ilitoa nafasi ya kuongeza upotevu usioelezeka kwa kamera pekee, kwa ada ya juu. Kikundi kilijadili jioni nzima na kikakataa. Walisema fedha hiyo ni bora iende kwenye kasha lingine. Sikuwashawishi vinginevyo. Kamera waliyo nayo sasa ni ya mkono wa pili. Ikiwa kwenye boti hufungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wa mmoja wao, na jina la mwenye zamu huandikwa kwenye daftari kabla ya kuondoka ufukweni.